Kutia hita kwenye Morris Minor bila kutoboa bodi

Julai, saa kumi na mbili asubuhi, Limuru. Vioo vya Minor vina ukungu ndani na nje. Mkono mmoja uko kwenye usukani, wa pili unafuta kioo kwa kiwiko cha sweta, na miguu imekufa ganzi juu ya pedali. Cha ajabu ni kwamba joto limejaa mbele ya magoti yako. Kati ya nguvu zote zilizomo kwenye petroli, kama robo tu ndiyo inayosukuma magurudumu. Nyingine inapotea kupitia ekzosi na rejeta. Kazi ya hita ni kuiba kidogo kutoka kwa ile inayopotea, basi.

Mafundi wengi wakiambiwa hita, mkono huenda kwenye drili. Wazuie. Tundu kwenye bati la gari la miaka sitini halizibiki likasahaulika: kutu huanzia hapo, na waamuzi wa Concours d'Elegance, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, pale Ngong Racecourse wakifungua boneti wataliona. Sharti langu ni moja. Kila kinachoingia kiweze kutoka kwa spana na bisibisi, Jumamosi moja, na gari libaki kama lilivyotoka kiwandani Cowley, Uingereza.

Maelezo haya ni ya Minor yenye injini ya A-series, yaani cc 803, 948 au 1098. Kama lako ni lile la mwanzo, la kuanzia 1948, lenye injini ya cc 918 na valvu za pembeni, angalia kwanza kama lina pampu ya maji. Za awali hazikuwa nayo. Maji yalizunguka yenyewe kwa moto kupanda na baridi kushuka, na mzunguko huo hauna nguvu ya kusukuma maji hadi kwenye hita.

Anza na themostati, si hita

Kwa miaka mingi hita ya Minor ilikuwa kitu cha kulipiwa zaidi, na mnunuzi wa Nairobi au Dar es Salaam hakuona sababu ya kulipa. Hilo linaeleweka. Nisichokisamehe ni mazoea yaliyokuja baadaye: gari likichemsha, fundi anatoa themostati, ile valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate moto, na kuitupa. "Hii ni ya Ulaya, huku hakuna baridi." Nimeisikia sentensi hiyo mara nyingi kuliko salamu.

Bila themostati maji hupita kwenye rejeta tangu injini inapowaka. Asubuhi ya baridi injini inaweza kufika Uplands, hapo jirani na Limuru, bado vuguvugu. Petroli inaliwa, oili haipati moto wa kutosha kukausha unyevu wake, na hita yoyote utakayofunga, hata ya bei mbaya, itakupulizia hewa ya uvuguvugu kama pumzi ya mbuzi. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, fungua nyumba ya themostati iliyo mbele juu ya silindahedi, yaani kichwa cha injini. Inashikwa na nati tatu, na kiwiko chake mara nyingi kimeganda kwenye studi, zile bolti zisizo na kichwa. Usikipige nyundo. Pulizia mafuta ya kulainisha kutu, acha usiku kucha, kesho gonga polepole kuzunguka kwa kipande cha mti, pulizia tena. Ukikimbia, studi itakatikia ndani ya silindahedi, na kazi ya asubuhi moja itageuka ya wiki mbili.

Ukikuta ndani hamna kitu, umepata nusu ya tatizo lako. Themostati za injini hii huja za nyuzi 74, 82 na 88. Mimi huchagua ya 82 kwa gari linaloishi Limuru au Kinangop lakini linashuka Mombasa wakati wa likizo. Ya 88 inafaa gari lisilotoka mlimani.

Ijaribu kwanza jikoni. Itumbukize kwenye sufuria ya maji ikining'inia kwa uzi, pamoja na kipimajoto, isiguse chini. Hapa kuna mtego wa watu wa milimani. Kwenye mwinuko wa mita 2,200 maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 92 au 93, si 100. Themostati ya 88 itaanza tu kufunguka kabla maji hayajachemka, na haitafunguka yote. Usiirudishe dukani ukidai ni mbovu. Ndani ya gari maji yako chini ya mgandamizo wa kifuniko cha rejeta, na kifuniko cha psi 7 kinapandisha kiwango cha kuchemka hadi kupita nyuzi 100 hata huko juu. Ndiyo maana kifuniko kilicholegea kinamuumiza mtu wa Limuru kuliko mtu wa Tanga. Kama mpira wake umepasuka, nunua kipya.

Na kama gari huchemsha themostati ikiwepo? Basi rejeta imeziba, au taiming ya plagi imekosewa, au mkanda wa feni umelegea. Tibu ugonjwa wenyewe.

Ziba kabla ya kupasha

Usiku wa giza, mtu mmoja ashike tochi ndani ya boneti, mwingine akae ndani ya gari huku milango imefungwa. Kila nukta ya mwanga utakayoona ni njia ya upepo, na mbaya zaidi, ni njia ya moshi. Kwa kawaida utaziona panapopita pedali, panapopita waya wa mwendo na nyaya za umeme, na kuzunguka kifuniko cha giaboksi. Mipira ya kuzibia hupatikana kwa wauza vipuri vya Minor Uingereza, lakini hata mpira wa tyubu uliokatwa vizuri kwa mkasi unatosha mahali pasipoonekana. Mipira ya milango nayo, ikiwa imekauka kama ganda la ndizi, ibadilishe. Ukimaliza hapo gari litakuwa na joto kuliko zamani hata bila hita, na utaweza kutumia hita ndogo zaidi.

Hita ya aina gani

Kwanza, za kuachana nazo. Vile vifeni vya kuchomeka kwenye umeme wa gari vinavyouzwa mitaani vina wati 150 hivi. Hita ya maji ya gari dogo inatoa wati 2,000 au 3,000, kwa hiyo usijisumbue. Mikeka ya umeme ya kulalia kitini, kama wati 45 kila mmoja, ni mizuri kwa mgongo lakini haifuti ukungu kwenye kioo. Hita zinazochota hewa iliyozunguka bomba la ekzosi sizitaki kabisa: bomba likitoboka, gesi ya kaboni monoksidi inaingia ndani, na haina harufu. Na yupo mzee mmoja aliyewahi kuniambia kwamba enzi zake waliweka jiko la makaa miguuni pa abiria. Kila mwaka tunazika watu waliolala na jiko ndani ya nyumba. Gari ni chumba kidogo zaidi.

Zinabaki mbili za kuchagua. Ya kwanza ni hita ya Smiths ya wakati wake, iliyotumika, inayoagizwa Uingereza. Inapendeza na inaendana na gari, ila kirejeta chake cha ndani kimezeeka. Ziba upande mmoja, pulizia upande wa pili kwa pampu ya baiskeli kikiwa ndani ya beseni la maji, utazame mapovu. Ya pili ni kisanduku kipya cha hita cha volti 12, cha aina inayofungwa kwenye matrekta na magari ya kujiundia. Chagua chenye vinywa vya nusu inchi, milimita 13, kwa sababu ndicho kipimo cha mipira ya hita ya Minor. Mimi nilichukua cha pili, nikakipaka rangi nyeusi isiyong'aa, na wageni wengi hawajawahi kukiona.

Vitu vingine vya kukusanya kabla ya kumwaga tone la maji:

- koki ya hita ya A-series pamoja na gasketi yake
- mpira wa chini wa rejeta wenye tawi la hita
- mpira wa hita wa milimita 13, mita tatu, usio wa kumwagilia bustani
- klipu nane
- kijimpira kifupi kinachounganisha silindahedi na pampu ya maji
- fyuzi ya kwenye waya na swichi
- dawa ya rejeta

Hicho kijimpira kifupi kina historia ya kuwatoa watu machozi. Kiko mahali pabaya, na kikipasuka njiani, cha kawaida hakibadilishiki bila kubomoa nusu ya mbele ya injini. Lakini kipo cha mikunjo mikunjo, kinachobonyea kikaingia bila kung'oa pampu. Maji yakiwa yameshamwagwa, kibadilishe tu, hata kama cha zamani kinaonekana kizima.

Mwaga, halafu safisha kweli

Injini ikiwa ya baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, halafu koki ya chini ya rejeta na ile ya ubavuni mwa bloku. Mara nyingi ile ya bloku haitatoa hata tone, kwa sababu nyuma yake kuna tope la kutu. Ing'oe yote, chokoa kwa waya hadi maji yatoke.

Gari lililonyweshwa maji ya kisima kwa miaka arobaini lina tope na chokaa, na njia za kirejeta cha hita ni nyembamba kuliko za rejeta kubwa. Ukiunganisha bila kusafisha, hita ndiyo itakayokuwa chujio la uchafu wote. Toa themostati, ingiza mpira wa bomba upande wa juu wa injini na usukume maji kinyume na mwendo wake, hadi yatoke meupe. Fanya hivyo kwa rejeta pia, peke yake. Mimi ilinichukua karibu saa mbili, na ndoo ya kwanza ilifanana na chai ya maziwa.

Kama maji uliyomwaga yana dawa ya rejeta, usiyaache kwenye beseni uani. Ni matamu, mbwa huyanywa, na yanaua.

Maji ya moto yanatoka wapi

Waliosanifu injini hii walikuachia njia. Tazama juu ya silindahedi, mwisho wa nyuma, karibu na ukuta unaotenganisha injini na abiria. Gari lisilo na hita lina kibati kidogo kilichofungwa na nati mbili. Hapo ndipo koki ya hita inapokaa. Hakuna cha kukata wala kutoboa.

Nati hizo mbili zipewe heshima ileile ya studi za themostati: mafuta ya kutu, usiku mzima, subira. Kibati kikitoka, kwangua uso wa chuma taratibu kwa wembe huku umeziba tundu kwa kitambaa ili uchafu usiingie. Weka gasketi mpya, koki juu yake, kaza nati kwa zamu, kidogo hapa kidogo pale. Koki imeundwa kwa chuma laini. Ukiikaza kama gurudumu la lori itapinda na kuvuja milele.

Maji yakishatoka kwenye hita hurudi kwenye mpira wa chini wa rejeta, upande unaovutwa na pampu. Hapo ndipo mpira wenye tawi unapofanya kazi. Kuna wanaokata mpira wa kawaida na kuingiza kiungo cha T. Ni sawa, ila kata mpira mpya, ule wa asili uhifadhi. Kwenye magari yaliyotoka kiwandani na hita, maji ya kurudi hupita kwenye bomba la chuma linaloambaa na kifuniko cha valvu. Ukilipata bomba hilo, lichukue, kwani linauweka mpira mbali na ekzosi. Ukikosa, pitisha mpira upande usio na manifoldi, yaani usio na mabomba ya ekzosi, na uufunge usitikisike.

Kuvuka ukuta

Hapa ndipo drili inapomshawishi mtu. Kabla ya lolote, sugua mafuta na vumbi kwenye ukuta wa injini, pande zote mbili, utafute vizibo vya mpira na vibati. Kiwanda kilitengeneza bodi moja kwa wanunuzi wa namna nyingi, na matundu yasiyotumika yalizibwa tu, yakapakwa rangi. Nimeona watu wakipima mahali pa kutoboa sentimita kumi kutoka kwenye kizibo walichodhani ni sehemu ya bati. Ng'oa kizibo, weka kingine cha mpira chenye tundu la milimita 19 au 20, kulingana na unene wa mpira wako. Kamwe usipitishe mpira wa maji ya moto kwenye bati tupu. Mtetemo utaukata ndani ya mwezi.

Ukikosa tundu linalofaa, iko njia ya pili, nami naipenda zaidi ya ile ya kwanza. Kifuniko cha giaboksi cha Minor si sehemu ya sakafu. Kimefungwa kwa skrubu na kinatoka chote. Tafuta cha pili, kilichotumika, au mpe fundi wa bati wa Jua Kali hicho chako akichonge kingine kwa kukitazama. Toboa nakala. Cha asili kifunge kwa gazeti na ukiweke darini.

Mahali pa kuning'iniza hita

Chini ya dashibodi kuna rafu ya vitu, imeshikwa kwa skrubu. Toa skrubu zinazofaa, tengeneza vishikio viwili vya bati la alumini la milimita 3, virudishe kwa skrubu zilezile au ndefu kidogo zenye uzi uleule. Pima kwanza kwa boksi la katoni lenye ukubwa wa hita, ukae kitini, ukanyage kila pedali hadi mwisho, uingize gia zote. Boksi likigusa kiatu, hita nayo itagusa.

Weka vinywa vya maji vikitazama pembeni au juu, ili hewa isinaswe ndani. Baina ya kishikio na hita weka kipande cha mpira, la sivyo feni itanguruma kwenye bati kama nyuki kwenye debe. Swichi ikae kwenye kishikio chenyewe, si kwenye dashibodi.

Umeme: tazama betri kwanza

Minor nyingi ziliondoka kiwandani zikiwa na chanya ya betri kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo, na baadhi zimegeuzwa baadaye na mafundi. Fuata waya mnene unaotoka betrini hadi kwenye bati, uone ni chanya au hasi. Mota rahisi ya sumaku ya kudumu ukiifunga kinyume itazunguka kinyume na kupuliza hovyo. Badilisha tu nyaya zake mbili. Lakini feni yenye sakiti ya elektroniki itaungua papo hapo. Na kama ganda la mota limeunganishwa na hasi ndani yake huku bodi yako ni chanya, kishikio chako cha alumini kitapiga shoti. Pima kwa mita kabla ya kufunga.

Umeme uchukue kwenye kisanduku cha fyuzi, mguu wa A4, wenye nyaya za kijani. Huo huwaka swichi ya gari ikiwaka tu, kwa hiyo hutaisahau feni usiku. Fyuzi za asili ni kubwa, amperi 35, hazitailinda mota ndogo. Ndiyo maana tuliongeza fyuzi ya kwenye waya. Amperi 8 au 10 inatosha.

Piga hesabu ya daynamo pia. Daynamo ya Lucas C40 inatoa amperi 22 ikizunguka vizuri, na karibu si kitu ikiwa mwendo wa taratibu. Taa kubwa mbili za wati 45 zinakula amperi 7 na nusu, mfumo wa kuwasha plagi 3 au 4, taa ndogo 2, waipa 3. Feni ikila 4, umefika 20. Kwenye foleni ya Waiyaki Way usiku wa mvua, zima feni kwanza.

Kujaza na kutoa hewa

Mfumo una lita tano na nusu hivi, na hita huongeza kama nusu lita. Changanya dawa ya rejeta na maji ya mvua au yaliyotoneshwa, nusu kwa nusu. Huku hatuogopi barafu, tunaogopa kutu.

Fungua koki ya hita yote. Pandisha pua ya gari kwenye kilima kidogo au jeki ili rejeta iwe juu. Chomoa mpira wa kurudi kwenye tawi lake, uinue, utie faneli, umimine taratibu hadi maji yachungulie kwenye tawi. Rudisha haraka, kaza klipu, malizia kujaza rejeta. Ukiruka hatua hii, hewa itakaa ndani ya hita na utaapa kwamba umeuziwa mbovu.

Washa, acha ipate moto. Baada ya dakika kumi hivi shika mipira miwili ya hita: wa kuingia uwe moto, wa kurudi upungue kidogo tu. Wa kurudi ukiwa baridi kabisa, bado kuna hewa, au uchafu. Zima, ngoja ipoe kabisa, ongeza maji. Baada ya safari ya kwanza kaza klipu zote tena, maana mpira mpya hulegea ukishaonja moto.

Hita hii inazungusha hewa ileile ya ndani, na pumzi ya watu wanne ina maji mengi. Kioo kikianza kuota ukungu, fungua kidirisha cha pembetatu upana wa kidole. Nunua pia kengele ndogo ya kaboni monoksidi ya betri, uitundike nyuma ya kiti. Hita ya maji haitoi gesi hiyo, lakini umeziba matundu ambayo zamani yaliitoa kama ekzosi ilikuwa inavuja.

Kibati cha silindahedi, vizibo vya ukuta, skrubu fupi za rafu na mpira wa chini wa zamani viingie kwenye kopo moja, kila kimoja na karatasi yake. Langu ni kopo la Kimbo. Juu yake nimeandika namba ya gari, na chini yake, kwa kalamu nene: USITUPE.